Msimu Vitana Vilipopanda Bei

Machi 8

Mvua imeanza leo, na mke wangu amenipigia simu kutoka kwetu, akaniuliza swali nisilojua nitalijibu vipi. Anataka kujua kama chipu za kumbukumbu zitaendelea kupanda bei.

Nikamwambia, mama watoto, na wewe chipu za kumbukumbu za nini? Akasema kuna mtu anakitaka kiwanja chetu. Anatoa bei nzuri, ila anataka jibu kabla mvua hazijakatika, maana kiangazi kikiingia tu anachimba msingi. Ndugu yake, yaani shemeji yangu kinyozi, anashauri kiuzwe, na fedha zinunue hisa za kampuni zinazotengeneza kumbukumbu za kompyuta. Anasema baada ya mwaka mmoja hisa hizo zitanunua kiwanja chenye nyumba juu yake.

"Sasa wewe ndiye uliye kwenye kazi hiyo," akasema. "Ukisema tuuze, tunauza. Ukisema tusiuze, hatuuzi."

Mimi niko kwenye kazi hii kama punda alivyo kwenye biashara ya unga. Nafumua kompyuta kuukuu katika karakana ya tajiri mmoja: chuma huku, shaba huku, plastiki kule. Kile kibao chembamba kinachobeba chipu za kumbukumbu sisi tunakiita kitana, kwa sababu ukingoni kina meno ya dhahabu yaliyojipanga kama ya kitana cha nywele. Kazi yangu ni kuyakata meno hayo kwa mkasi wa bati. Meno yanaingia koponi na kuuzwa kwa wayeyusha dhahabu. Mwili uliobaki, pamoja na chipu zake zote, ni taka. Unaingia pipani.

Kwa hiyo nimeulizwa bei ya kitu ninachokitupa. Nimemwomba anipe muda. Nitakuwa naandika hapa kila ninalolisikia, maana najijua: mtu wa mwisho kuongea nami ndiye ninayemwamini.

Machi 9

Mvua mchana kutwa. Bati la karakana linapiga kelele hata hatusikilizani. Hakuna la kuandika.

Machi 11

Tajiri aliingia asubuhi na mwavuli wake ukiwa bado wazi kichwani, ndani ya jengo, akipiga kelele, "Mikasi chini! Wekeni mikasi chini!"

Tukaweka. Akaenda kwenye pipa, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa vitana vilivyokatwa.

"Nani amevikata hivi?"

"Sisi, tajiri."

"Na nani aliwaambia mvikate?"

Tukatazamana. Mama Sumaku ndiye aliyejibu. Huyu ni mchambuaji wetu wa vyuma, mtu mzima kuliko sote pale, anatembea na sumaku shingoni kwa kamba ya kiatu, na kila kinachomeremeta lazima akiguse nayo kwanza. Akasema, "Wewe, tajiri. Meno koponi, mwili pipani. Ulituimbisha wimbo huo kama watoto wa darasa la kwanza."

Tajiri akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akatueleza kwamba kitana kizima sasa kina bei mara nyingi zaidi ya dhahabu ya meno yake, na bei inapanda kila wiki. Kizima kinasafishwa, kinapimwa, kinarudi kwenye kompyuta. Kilichokatwa hakirudi popote. Akawa anakigeuzageuza kimoja mkononi.

"Hakuna namna ya kuyarudisha haya meno?"

"Mpeleke kwa daktari," akasema Mama Sumaku.

Watu wakaangua kicheko. Tajiri mwenyewe alicheka kidogo, kisha akaacha ghafla, kama aliyekumbuka msiba.

Mimi sikucheka sana. Kiganja changu kina sugu ya ule mkasi. Ina maana muda wote huo tulikuwa tunatupa mahindi na kuweka magunzi, tena kwa bidii, tena tukishindana nani kajaza kopo kwanza.

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba kweli vimepanda. Akafurahi. "Si ndivyo kaka alivyosema!" Nikamwambia, lakini sisi tulikuwa tunavitupa. Akasema, "Basi wajinga ni ninyi. Bei ina kosa gani?"



Machi 13

Shemeji amepiga simu mwenyewe. Nyuma yake nasikia mashine ya kunyolea inanguruma.

"Shemeji! Wewe umekaa jikoni halafu unatuuliza sisi wa sebuleni kama chakula kimeiva?"

"Jikoni naosha vyombo, shemeji."

Akanieleza. Kuna kompyuta kubwa, majumba kwa majumba, zile zinazojibu maswali ya watu na kuandika na kuchora. Hizo zinakula kumbukumbu kama nzige. Viwanda vimeacha kuwatengenezea watu wa kawaida, vinazitengenezea hizo, kwa sababu wenye nazo hawaulizi bei. Kwa hiyo kumbukumbu zimekuwa adimu, na kitu adimu bei yake haina aibu.

"Mpaka lini?" nikamwuliza.

"Wengine wanasema mpaka mwakani, wengine mpaka miaka mitatu mbele. Wataalamu hao."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tutakuwa tumeshauza hisa zetu, shemeji, tunakunywa chai."

"Tutakuwa tumemwuzia nani?"

Mashine ikazimwa. "Shemeji, kuna mteja kakaa kitini nimemnyoa upande mmoja tu. Nitakupigia."

Hakupiga. Naandika nionavyo: huyu ni dalali. Bila shaka kuna mtu anamlipa kwa kila anayemleta.

Machi 16

Mvua. Vitana vimepanda tena. Mikasi inashika kutu ukutani.

Machi 21

Leo nimechanganyikiwa zaidi. Zamani tajiri alikuwa ananunua kompyuta kuukuu kwa magunia kutoka kwenye ofisi. Sasa ofisi hazitupi tena. Mpya zimekuwa ghali, kwa hiyo kila mmoja anaitengeneza ya zamani na kuing'ang'ania. Wiki hii hakuna mzigo hata mmoja ulioingia. Na vitana tulivyonavyo tajiri hataki kuviuza. "Ukiuza leo, kesho utajuta," ndio wimbo wake mpya. Ghala limejaa magunia, meza za kazi ziko tupu, tunakaa tunatazama mvua.

Mchana akatuita, akasema kuanzia sasa tutakuja siku nne tu kwa wiki.

Nikamwuliza Mama Sumaku hii ni hesabu ya wapi. Kitu tunachokishika kimepanda, sisi tuliokishika tumeshuka.

"Wewe Mgeni," akaniambia, maana hapa wote wananiita Mgeni ingawa nimekaa miaka, "bei ikipanda anapanda mwenye gunia. Mwenye mgongo anabaki chini ya gunia."

Sasa hilo ni la kunifanya niuze kiwanja niwe mwenye gunia, au ni la kunifanya niogope? Najua nitalala nalo na kuamka nalo.

Machi 27

Wamekuja wawekezaji wawili, mwanamume na mwanamke. Tajiri alitufanya tufagie tangu asubuhi. Aliwaazima mabuti ya mpira ili viatu vyao visiingie tope, na mabuti yenyewe ni makubwa, kwa hiyo walitembea kama bata. Tajiri anataka wampe mtaji anunue vitana vya karakana nyingine zote, avikalie mpaka bei ifike anakotaka.

Yule mwanamke anauliza maswali mafupi. "Ghala hili linavuja?"

"Hata kidogo," tajiri akasema. Tone likamdondokea yule mwanamke begani, akalitazama, akalifuta kwa kidole, asiseme kitu.

Kisha akamgeukia Mama Sumaku. "Mama, wewe una uzoefu. Unauonaje mwelekeo?"

"Mwelekeo wa nini, mwanangu? Mlango si ule pale?"

Tulicheka mpaka tajiri akatukata jicho. Lakini yule mwanamume alijibu kwa niaba yake, na hapo nilinyamaza nikasikiliza. Alisema soko la chipu hupanda na kushuka, kila mtu anajua, ila safari hii ni tofauti. Zamani walaji walikuwa watu na simu zao, na mtu akishanunua simu anatulia. Hawa walaji wapya hawatulii. Viwanda vyote vimekwisha kuuza mpaka mali ya mwakani ambayo haijatengenezwa. Aliongea vizuri, bila haraka, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda kwake. Nilikuwa nimemshikia gunia wazi ili aone. Akachukua kitana kimoja, akakifumba kwenye kiganja, na jinsi alivyokifumba ndivyo nami nilivyoamini.

Jioni nikampigia mke wangu. "Uza," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Nimewasikia wawekezaji kwa masikio yangu."

Akashusha pumzi ndefu. Sikujua kama ni ya raha au ya nini. "Haya," akasema. "Nitamwambia yule bwana."

Leo nitalala fofofo.

Machi 28

Wawekezaji hawajatia hata senti. Tajiri ametuambia akiwa ametuna. Wamesema bei iko juu mno, wanasubiri ishuke ndipo waingie.

Ni yuleyule aliyesema haitashuka! Au aliposema itapanda alikuwa anamwambia nani? Nimekaa juu ya meza ya kazi nimeshika tama kama mjane.

Machi 29

Jua kidogo. Nikafua. Nguo zikanyeshewa kambani.

Aprili 4

Leo kutwa nzima sisi wawili tulikuwa tunasugua vitana kwa mswaki na spiriti, mimi na Mama Sumaku, mlangoni penye mwanga. Nikamwuliza zile habari za mwelekeo, bila mzaha.

Akasema hii si mara ya kwanza. Alishafanya kazi karakana nyingine, na bei ikapanda hivihivi, watu wakaviringisha vitana kwenye vitambaa kama mapambo ya dhahabu. "Kila aliyeona bei imepanda akajenga kiwanda. Na kiwanda si kibanda, Mgeni. Kinachukua miaka. Wakajenga wote pamoja, wakamaliza wote pamoja, wakaanza kuuza wote pamoja. Tajiri wangu wa wakati ule alikuwa na ghala limejaa hadi darini. Bei iliposhuka, tulivisukuma kwa fagio. Hakuna aliyevitaka hata bure. Ndipo wakagundua yale meno. Unafikiri huku kukata meno kulianzia wapi? Kulianzia siku ile, watu wanatafuta angalau cha kufutia machozi."

Mkono wangu ukasimama. Hiyo kazi niliyoifanya miaka yote, nikidhani ndiyo kazi yenyewe, kumbe ni matanga ya bei iliyokufa zamani.

"Kwa hiyo na safari hii zitaanguka?"

"Nimesema zilianguka. Sikusema zitaanguka. Mimi najua ya nyuma, ya mbele muulize mwenye macho."

"Sasa mimi nifuate lipi, dada yangu?"

"Fuata mswaki. Umesugua hicho kimoja tangu saa ngapi?"

Nilimpigia mke wangu palepale, mikono inanuka spiriti. "Usiuze."



"Baba watoto, nimeshamwambia ndiyo yule bwana. Ameshaleta mafundi wametazama."

"Mwambie hapana."

"Juzi uza, leo usiuze. Mimi ni mlango wa zizi, kila anayepita ananisukuma anakotaka?"

Nikaanza kumweleza habari za viwanda vinavyomaliza kujengwa pamoja. Akasema mvua inaingia chumbani, anakwenda kusogeza kitanda cha watoto. Hicho chumba cha kupanga kinavuja tangu mwaka juzi. Mwenye nyumba anasema kuliezua paa zima ni rahisi kuliko kuliziba.

Aprili 5

Mke wangu amemwambia. Yule mnunuzi amekasirika sana, amesema yeye si mtoto wa kuchezewa. Ametoa nafasi moja tu, mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo ananunua kwingine, na anajua kina mama wawili wenye viwanja karibu.

Aprili 10

Vimepanda. Shemeji amenitumia picha ya mstari wa kijani unaokwea kama kilima. Chini ameandika: "Tuko hapa juu, shemeji, wewe uko wapi?" Niko karakana, siku tatu kwa wiki sasa.

Aprili 15

Hisa zimeanguka. Siku moja tu! Redio ya tajiri ilikuwa wazi ofisini na mlango umefungwa, tukawa tumesimama nje tunasikiliza kama watoto wa mgonjwa. Mtaalamu mmoja akasema wawekezaji wameingiwa na hofu kwamba wenye zile kompyuta kubwa wametumia fedha nyingi kuliko watakazozipata. Mwingine akasema si kitu, ni soko linapumua. Mtangazaji akawashukuru wote wawili.

Shemeji akapiga. Mwanzoni sikuitambua sauti yake.

"Shemeji, nimekwisha."

"Umekwishaje?"

"Nilitia vyote. Mashine zote mbili za kunyolea niliziuza. Kioo kikubwa. Hata kile kiti cha kuzunguka. Sasa hivi nanyoa kwa mashine ya kuazima." Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima. "Nifanyeje? Niuze au nishike? Wewe uko huko, niambie."

"Shemeji, mteja aliye kitini atakusikia."

"Hakuna mteja. Kiti chenyewe kiko wapi?"

Nilimbembeleza kadiri nilivyoweza. Hakuna anayemlipa huyu. Nilimwita dalali, tena nimeandika hapa juu, na kumbe alikuwa anatuvuta kwenye mtumbwi ambao yeye alishapanda na familia yake. Sijui kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi.

Aprili 16

Hisa zimerudi zilipokuwa, zimezidi kidogo. Hakuna aliyeeleza.

Shemeji hakuuza. Si kwa ujasiri. Alikuwa analia, anasema, hakuweza kuona pa kubonyeza. Leo ananiambia, "Nilikwambia, shemeji! Mwenye moyo wa chuma ndiye anayepata!"

Aprili 20

Nilijua ghala litaingia maji, na kila mtu alijua, ila lilipoingia tulishangaa kama wageni.

Mvua ilianza asubuhi na haikuwa na mapumziko. Kabla ya saa sita mfereji wa nyuma ukajaa, maji yakapita chini ya mlango mdogo, na darini napo mabati mawili yakaachana. Tajiri alikuwa wa kwanza kuvua viatu. Alipiga kelele majina yetu yote, na mimi aliniita Mgeni, tukaingia. Magunia ya chini yalikuwa yameshalowa. Gunia likilowa linakuwa kama mtu aliyezimia, halikusaidii hata kidogo. Tuliyabeba wawili wawili hadi juu ya meza za kazi. Mama Sumaku akasimama juu ya kiti anapanga, anatuelekeza, "Hili hapa! Hilo la kulia! Tajiri, wewe hujui kubeba, unalikumbatia kama bibi harusi, liweke begani!"

Na tajiri akaliweka begani. Suruali ya kitambaa kizuri imemganda miguuni.

Tulipomaliza, maji yalikuwa magotini, na hakuna pa kukaa isipokuwa juu ya meza, katikati ya magunia. Nikajikuta nimekaa bega kwa bega na tajiri. Tulikuwa tunatetemeka. Akaniambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Unadhani kwa nini siuzi?"

Nikasema nadhani anataka bei ipande zaidi.

"Wiki ya kwanza, ndiyo. Sasa hapana. Sasa naogopa tu. Nikiuza ikapanda, nitajiona mjinga. Nisipouza ikashuka, nitajiona mjinga. Mke wangu kila siku ananiuliza, wewe si mwenye biashara? Unashindwaje kujua?" Akayapiga maji teke. "Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekuwa wewe ningeziba dari."

Nilijua nimekosa adabu. Lakini alicheka, akacheka mpaka akashika gunia asianguke, na mimi nikacheka. Siku zote nilimwona mtu anayejua na anatuficha. Kumbe hana cha kuficha. Anachojua yeye ndicho ninachojua mimi, ila chake ni kingi zaidi na kimelowa.

Alasiri tulifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tukavitundika vitana kwa vibanio vya nguo, vikaning'inia kama vinguo vya mtoto mchanga. Nikauliza kama vimeharibika. Mama Sumaku akasema vikikauka sawasawa vitakumbuka, visipokauka vitasahau.

Aprili 23

Vinakauka. Feni zote zimeelekezwa huko, sisi tunatoka jasho.

Aprili 29

Mke wangu alipiga wakati napika. "Kesho ndiyo mwisho, na yule bwana kaja leo. Kakaa hapa nje kwenye benchi na mwavuli. Sema."

Nikazima jiko, nikamweleza yote niliyoyaandika humu. Tajiri anayeogopa kuuza. Wawekezaji wanaosema itapanda na hawanunui. Mama Sumaku na fagio lao. Shemeji na machozi yake. Viwanda, majumba ya kompyuta, mali ya mwakani iliyokwisha kuuzwa. Niliongea mpaka mate yakanikauka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kwa hiyo?"

Nilitafuta neno. Kila nililolishika lilikuwa la mtu mwingine. "Sijui," nikasema. "Mama watoto, mimi sijui."

Nikasikia mtoto wetu mdogo anauliza ni nani huyo. "Baba yenu," akajibiwa. Anasemaje? "Anasema hajui." Watoto wakacheka, na mimi nilisikia raha kuwasikia, hata kama wananicheka.

Kisha mke wangu akasema, "Haya. La bei tuliache. Kiwanja chenyewe unakitaka?"

"Nakitaka."

"Cha nini?"

"Cha kujenga nyumba."

"Atakaa nani?"

"Sisi."

"Sisi kina nani? Mimi na watoto na simu?"



"Kila mwaka unasema mwakani," akaendelea, na hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. "Kila mvua nakwenda kufyeka kiwanja kile, narudi nakaa chini ya paa linalovuja. Nimechoka kulinda nyasi, baba watoto. Kaka aliponiletea habari za hisa, nilisema hii ndiyo njia. Nitamwuliza mume wangu. Kama ana nia ya kurudi, atasema, 'Usiuze, mimi nitakaa wapi?' Nilingoja hilo neno moja tu. Ukaniletea habari za viwanda."

"Sasa mbona hukuniuliza hivyo?"

"Nikikuuliza unarudi lini, mtandao unakatika. Nikikuuliza bei, unaongea msimu mzima."

Nilikaa chini, sakafuni, sufuria mbele yangu. Mimi niliyeandika kila neno la kila mtu tangu mvua ya kwanza, yeye ndiye sikumsikia. Nilidhani amerogwa na kaka yake, amepata tamaa. Na wakati huo wote alikuwa amesimama palepale.

"Usiuze," nikasema.

"Kwa sababu bei itashuka?"

"Hapana. Huenda ikapanda mpaka mbinguni."

"Basi kwa sababu gani? Sema, kuna mtu ananyeshewa hapa nje."

"Kwa sababu narudi."

"Lini?"

"Mwezi ujao. Nikishamuaga tajiri."

Nikasikia mlango, nikasikia mvua ya kwao, nzito kuliko ya huku, na sauti yake ikisema kwa mbali, "Ndugu yangu, utusamehe kwa usumbufu. Ingia unywe chai kwanza. Mwenye kiwanja anarudi."

Aprili 30

Sikulala. Huenda nimekataa utajiri. Huenda nimeokoa nyumba. Nikienda nitafanya kazi gani? Sijui hilo pia.

Mei 2

Nimemwambia tajiri. Alinitazama kama niliyemtukana. "Unaondoka wakati bei inapanda?"

"Kwani inapanda?"

"Tangu asubuhi."

Akaniambia nisubiri kidogo, akiuza atanipandishia mshahara. Nikamwuliza atauza lini. Hapo sote wawili tukatazama magunia, na yeye akanipa mkono.

Mama Sumaku alipopata habari aliigusisha sumaku yake kwenye paji la uso wangu, akatikisa kichwa. "Hainati. Basi hicho kichwa si chuma kama nilivyodhani. Nenda, baba. Sisi tutamtafuta mgeni mwingine."

Mei 6

Hisa zimeshuka.

Mei 8

Zimepanda. Shemeji ameongeza nyingine. Kiti chake bado hakijarudi, ila wateja wamezoea benchi.

Mei 11

Leo hakuna wingu. Bati limenyamaza, na karakana imekuwa kama ya watu wengine.

Mke wangu alipiga saa nne akiwa kiwanjani na watoto. Nyasi zimefika kiunoni, anafyeka na kuongea kwa pamoja, nasikia panga. Watoto wanagombana: mkubwa anataka mlango utazame barabara, mdogo anataka utazame kwa jirani mwenye mbuzi.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza. "Mlango uelekee wapi?"

Nikajaribu kukiona kiwanja. Niliona nyasi tu, na sikukumbuka hata jua linatokea upande gani.

"Sijui," nikamwambia.

"Najua hujui. Ndiyo maana nakwambia njoo usimame hapa."